Netflix, Prime Video au Azam Max: Namna ya Kuchagua Bila Kuteketeza Bando

Wengi wakitaka kujiunga na huduma ya filamu mtandaoni huanza kwa kulinganisha ada ya mwezi, na hapo hesabu inaanza kwenda kombo. Kwa anayetazama kwa bando la simu, ada mara nyingi ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Bando ndilo linalokula hela. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye intaneti, unapita kwenye kifaa utakachotazamia, ndipo unafika kwenye majina ya huduma. Ukienda kwa mpangilio huo, nyingi zitajitoa zenyewe kabla hujalipa hata shilingi.

Hesabu ya data

Netflix wenyewe hutaja kiasi cha data wanachotumia kwa saa. Ngazi ya chini hula takriban GB 0.3, ya kati GB 0.7, na ya juu hufika GB 3 kwa picha ya HD na GB 7 kwa 4K. Chukua nyumba inayotazama saa mbili kila usiku. Kwa siku 30 hizo ni saa 60, yaani GB 18 kwa ngazi ya chini, GB 42 kwa ya kati, GB 180 kwa HD, na GB 420 kwa 4K. Sasa tazama bei ya GB moja kwenye bando unalonunua, zidisha, kisha weka jibu pembeni ya ada. Kwa bando la kawaida la simu, HD kila siku haiingii akilini. Ni ya mwenye intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa kwa GB.

Huduma nyingine nyingi hutaja kasi tu, kwa Mbps (megabiti kwa sekunde), bila kusema GB kwa saa. Zidisha Mbps kwa 0.45 upate GB kwa saa. Mbps 5, kwa mfano, ni GB 2.25. Sababu ni kwamba baiti moja ina biti 8, na saa ina sekunde 3,600. Programu ya Prime Video imerahisisha: kwenye mipangilio ya ubora wa picha, kila ngazi imeandikiwa kiasi cha data itakachotumia kwa saa.

Kwenye simu kazi ni nyepesi zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya Netflix, tafuta sehemu ya matumizi ya data ya simu, zima uchaguzi wa otomatiki, chagua kuokoa data. Ukiweka hivyo GB 1 hukupa takriban saa 6. Ukiiacha kwenye otomatiki, utapata takriban saa 4.

Hapa kuna mtego unaonasa watu kila siku. Mpangilio huo wa simu unafanya kazi pale tu simu inapotazama kwa data yake yenyewe. Ukiwasha hotspoti ukaunganisha TV, TV haijui kwamba inanyonya bando la simu. Inaona Wi-Fi, na inajichukulia ubora wa juu kadiri kasi inavyoruhusu. Bando la GB 10 linaisha kabla ya filamu mbili za HD kumalizika, kisha mtu analaumu kampuni ya simu kwamba imemwibia. Dawa yake iko kwenye akaunti, si kwenye TV:

1. Fungua tovuti ya Netflix kwa kivinjari, ingia kwenye akaunti, chagua profaili.
2. Tafuta mipangilio ya uchezaji, kwenye matumizi ya data kwa kila skrini.
3. Chagua ngazi ya chini au ya kati, hifadhi.
4. Rudia kwa kila profaili. Ukibadilisha ya baba peke yake, ya watoto inabaki juu.

Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 8 kufika kwenye kifaa. Usifanye saa mbili usiku ukitegemea filamu utakayoianza saa mbili na nusu.

Pima kasi saa ile ile unayotazama

Netflix inataka Mbps 3 kwa picha ya 720p (HD ya chini), Mbps 5 kwa 1080p (HD kamili), na Mbps 15 kwa 4K. Prime Video inataka Mbps 1 kwa picha ya kawaida na Mbps 5 kwa HD. Ni kasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tatizo la kwetu kwa kawaida si kasi ya juu kufikia wapi, ni kasi kutotulia. Laini inayoonyesha Mbps 20 saa nne asubuhi inaweza kushuka hadi Mbps 2 saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye mnara mmoja.

Kwa hiyo pima kati ya saa mbili na saa nne usiku, siku tatu tofauti, mojawapo iwe Jumamosi au Jumapili. Tumia fast.com, ambayo ni ya Netflix na hupima kupitia seva zao, si seva ya jirani iliyowekwa na kampuni ya intaneti. Chukua namba ndogo kuliko zote tatu. Hiyo ndiyo kasi yako. Kama iko chini ya Mbps 3, usilipie kifurushi cha HD cha huduma yoyote. Chukua cha simu, kisha pakua vipindi usiku wa manane au kazini na utazame baadaye.

Simama karibu na ruta unapopima, kisha upime tena pale TV ilipo. Kuta za matofali ya saruji zinakula sana mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz. Ukiona Mbps 25 sebuleni na Mbps 4 chumbani, kubadilisha huduma hakutasaidia. Sogeza ruta, au weka TV kwenye 2.4 GHz, au vuta waya.

Kwa mtandao unaotangazwa kuwa hauna kikomo, uliza maswali mawili kabla ya kusaini: baada ya GB ngapi kasi inapunguzwa, na inapunguzwa hadi Mbps ngapi. Vifurushi vingi vina kikomo cha matumizi. Ikiwa baada yake unabaki na Mbps 1, siku kumi za mwisho wa mwezi ni za picha ya ukungu.

Kifaa chako kinaruhusiwa ubora gani?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Kwenye vifaa vya Android, huduma hizi hulinda filamu kwa mfumo uitwao Widevine, wenye ngazi. Simu au kisanduku chenye ngazi L1 kinaweza kupata HD. Chenye L3 kinabanwa kwenye 480p (picha ya kawaida, chini ya HD) hata kama kioo chake ni cha 4K na unalipia kifurushi cha bei ya juu kabisa. Baadhi ya simu za bei ya chini, na visanduku vingi vya Android visivyo na jina vinavyouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, viko L3.

Kwenye simu ya Android utaona ngazi yako ndani ya programu ya Netflix: ingia mipangilio ya programu, fungua sehemu ya vipimo vya uchezaji, pale pameandikwa Widevine na ubora wa juu unaoruhusiwa. Kama huna akaunti bado, pakua programu ya bure iitwayo DRM Info, nayo itakwambia.

Kwa TV na visanduku, kipimo cha haraka ni duka la programu. Ukitafuta Netflix kwenye Play Store ya kisanduku ikasemekana haipatani na kifaa, au muuzaji akakuwekea kwa faili aliyoitoa kwenye flashi, kifaa hicho hakijaidhinishwa. Picha itakuwa 480p, au programu itagoma siku itakaposasishwa. Usinunue kwa sababu boksi limeandikwa 4K. Mwambie muuzaji akifungue, atafute Netflix na Prime Video dukani mbele yako. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. TV za zamani nazo zina lao: programu huacha kusasishwa baada ya miaka kadhaa, na huduma moja inaweza kuendelea huku nyingine ikikataa. Ingia duka la programu la TV yako leo uone zipi zipo. Huduma isiyokuwepo humo itakulazimu ununue kifaa kingine, na hiyo ni gharama yake pia.

Unataka kutazama nini hasa?

Andika vitu kumi: filamu, tamthilia, katuni za watoto, ligi. Viwe vile ambavyo nyumba yako imevitaka kwa mwezi uliopita, si vile unavyodhani utavitazama. Kisha vitafute kimoja kimoja kwenye JustWatch, tovuti inayoonyesha kipindi kiko kwenye huduma ipi, ukiwa umechagua nchi yako. Nchi ni muhimu. Haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, na orodha ya Netflix ya Tanzania si ile ya Marekani. Ndugu yako aliye Muscat au London akikusifia tamthilia fulani, anasifia orodha ya huko aliko. Hata akikupa akaunti yake, ukiifungua Tanga utaona orodha ya Tanzania.

Huduma yenye saba au zaidi kati ya kumi inatosha. Kama hakuna inayofika tano, usijiunge bado. Na kama vingi kati ya vile kumi ni filamu za Bongo, mahojiano, taarifa ya habari na mahubiri, jibu lako ni YouTube ya bure, na hakuna aibu katika hilo.

Disney+ haijafunguliwa rasmi Tanzania wala Kenya. Kusini mwa Sahara ilifika Afrika Kusini mwaka 2022. Anayekuuzia nafasi ya Disney+ kwa bei ya chee kupitia WhatsApp anakuuzia akaunti ya nchi nyingine inayohitaji VPN (programu inayoficha nchi uliko), na siku itakapozimwa hutakuwa na wa kumlalamikia. Ndivyo ilivyo pia kwa nafasi za Netflix zinazouzwa kwa robo ya bei. Mara nyingi akaunti moja wameuziwa watu wengi kupita idadi ya skrini zake, kwa hiyo unafukuzwa katikati ya filamu kwa ujumbe kwamba watu ni wengi mno. Mwenye nywila akibadilisha, basi tena.

Mpira ni kesi yake peke yake

Usichanganye mpira na filamu kwenye hesabu moja. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko kwa Azam Media, kwa mkataba wa miaka 10 wa Sh bilioni 225.6 uliosainiwa 2021. Anayefuatilia Simba na Yanga anaenda kwenye programu ya AzamTV Max au kwenye kisimbuzi cha Azam, na hakuna Netflix itakayomsaidia. Ligi Kuu ya England katika ukanda wetu huonyeshwa na SuperSport ya MultiChoice, yaani DStv. Mashindano mengine haki zake huhama, kwa hiyo hakikisha mwezi wa nane kabla ya msimu kuanza, usitegemee ulichokiona mwaka jana.

Mechi ya moja kwa moja haipakuliwi. Dakika 90 pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili za data, na ubora ukiwa wa HD unaweza kumaliza GB 4 hadi 6 kwa mechi moja. Mechi nane kwa mwezi ni GB 32 hadi 48. Kwa hesabu hiyo, mwenye TV nyumbani na asiye na faiba mara nyingi atapata nafuu kwa kisimbuzi, kwa sababu dishi halili bando. Programu ya simu inamfaa aliye safarini, kazini, au anayeishi chumba cha kupanga asichoweza kufungia dishi.

Kisha kuna kuchelewa. Picha ya mtandaoni hufika nyuma ya ile ya dishi, kwa sababu video hukatwa vipande na programu hukusanya akiba ya sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha. Jirani mwenye kisimbuzi atashangilia bao wakati wewe bado unaona kona inapigwa. Hilo halirekebishiki kwa kuongeza kasi ya intaneti. Zima arifa za matokeo kwenye simu, basi, na uombe jirani awe mpole.

Kifurushi kipi ndani ya huduma

Netflix ina ngazi zinazoeleweka kwa urahisi. Cha simu ni 480p, kwenye simu au tableti moja kwa wakati mmoja, na hakirushwi kwenye TV. Cha msingi ni 720p kwa skrini moja. Cha kawaida ni 1080p kwa skrini mbili, na cha juu ni 4K kwa skrini nne. Kwenye kioo cha simu cha inchi 6, tofauti ya 480p na 1080p ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Kwenye TV ya inchi 32, 720p inatosha kabisa ukikaa mita mbili. Cha juu kina maana kama watu watatu au wanne hutazama vitu tofauti kwa wakati mmoja, au kama una TV kubwa ya 4K, kifaa kilichoidhinishwa na Mbps 15 zisizoyumba. Vyote vitatu kwa pamoja, si kimoja.

Prime Video inaruhusu skrini tatu kwa wakati mmoja, lakini kipindi kile kile hakiwezi kuchezwa kwenye zaidi ya mbili.

Kugawana gharama na rafiki wa mtaa mwingine kumekuwa kugumu tangu 2023, Netflix ilipoanza kudai kwamba akaunti ni ya nyumba moja. Huitambua nyumba kwa intaneti ambayo TV imeunganishwa. Wanafamilia wanaotumia hotspoti tofauti kila siku hupata ujumbe wa kuthibitisha nyumba mara kwa mara, kwa sababu anwani ya mtandao inabadilika kila hotspoti inapowashwa. Ukiona ujumbe huo, omba msimbo utumwe kwenye barua pepe ya mwenye akaunti. Kwa hiyo barua pepe hiyo iwe ya mtu mnayeishi naye.

Kuhusu kupakua: kilichopakuliwa hakikai milele. Kwenye Netflix baadhi ya vipindi huisha baada ya siku 7, na vingine saa 48 tangu ulipobonyeza kucheza. Ukipakua kwa ajili ya safari ya basi ya Dar hadi Mwanza, pakua siku moja kabla, uingie upande wa vipakuliwa uone muda uliobaki, na usibonyeze kucheza ili kujaribu tu.

Kulipa bila kukwama

Bei itazame kwenye tovuti ya huduma ukiwa kwenye laini ya nchi yako, VPN ikiwa imezimwa. Usitegemee bei uliyoisikia kwa mtu, maana huhama sana: Februari 2023 Netflix ilishusha kifurushi cha msingi Kenya kutoka KSh 700 hadi KSh 300, na mpango wake wa bure wa simu za Android, ulioanza Kenya Septemba 2021, ukafungwa Novemba 2023. Bei ikiwa kwa dola, ongeza tofauti ya kubadilisha fedha inayotozwa na benki yako. Njia ya kuijua ni kulipa mwezi mmoja tu, kisha kusoma kwenye ujumbe wa benki kiasi halisi kilichokatwa.

Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni ndani ya M-Pesa. Kenya huitwa GlobalPay na ni Visa. Malipo yakikataliwa, angalia kwa mpangilio huu: salio linazidi ada kidogo, si sawa kabisa, kwa kuwa ubadilishaji wa fedha huongeza chochote, kadi imeruhusiwa kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi, tarehe ya mwisho ya kadi haijapita. Kiasi kidogo kinaweza kushikiliwa kuthibitisha kadi na kurudishwa baadaye. Kadi ya mtandaoni ina uzuri mmoja: weka ada ya mwezi huu tu, na huduma uliyoisahau haitakuwa na cha kukata.

Usilipie mwaka mzima kwa sababu ya punguzo. Soko hili halijatulia. Showmax, huduma ya filamu ya MultiChoice, ilianza 2015, ikajengwa upya na kuzinduliwa tena Februari 2024. Amazon ikapunguza uwekezaji wake katika vipindi vya Afrika mwanzoni mwa 2024. Canal+ ya Ufaransa ikaichukua MultiChoice mwaka 2025. Mwezi kwa mwezi unakuacha huru.

Zamu na kusitisha

Nyumba nyingi hazihitaji huduma mbili kwa mwezi mmoja. Jiunge na moja, maliza ulichokitaka, sitisha, uhamie nyingine. Ukisitisha Netflix unaendelea kutazama hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, na profaili zako pamoja na kumbukumbu ya ulipofika hutunzwa kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo sitisha siku ile ile unayolipia. Hupotezi kitu, na husahau.

Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Kama ulijiunga kupitia Play Store, fungua duka hilo, gusa picha yako, ingia Malipo na usajili, kisha Usajili, usitishe hapo. Kama ulijiunga kwenye tovuti, sitisha kwenye tovuti ile ile. Ukikatwa mara mbili kwa mwezi mmoja, kabla ya kuwapigia benki tafuta barua pepe zako zote kwa jina la huduma. Mara nyingi ni akaunti mbili, moja kwa barua pepe ya zamani na nyingine iliyofunguliwa upya kwenye TV kwa namba ya simu.